Mgawaji Achague, Lakini Atangaze Kwanza

Poka ya wikiendi kati ya marafiki, huko Marekani ilikokulia, ina utaratibu wake wa zamani: mwenye zamu ya kugawa karata ndiye anayechagua mchezo. Akigawa jirani, mnacheza karata tano za kubadilisha. Akigawa mjomba, ni karata saba, nne zikiwa wazi mezani. Akigawa shemeji, jitayarishe, maana shemeji hakosi mchezo aliofundishwa kazini ambao sheria zake bado zinatungwa. Utaratibu huu ulififia baada ya mwaka 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliposhinda mashindano ya dunia kule Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5. Televisheni zikawaaminisha watu kwamba poka ni mchezo mmoja tu, ule wa Texas wenye karata mbili mkononi na tano mezani. Sivyo. Hata mashindano hayohayo ya dunia, tangu 2014, yana shindano ambalo wachezaji wenyewe huchagua mchezo kwa zamu.

Msomaji wa Nairobi atanisimamisha hapa. Mtaani kwake poka ni kitu kingine kabisa: unatupa karata juu ya karata, mbili na tatu zinamlisha mwenzako, nane na malkia zinauliza swali, na kabla ya kumaliza lazima useme uko kadi. Ni mchezo mtamu, ila leo siuzungumzii. Ninazungumzia poka ya dau: kila mmoja ana karata zake, kete zinarushwa katikati, kitita kinakua, na anayekichukua ni mwenye karata tano bora au aliyewatisha wenzake wote wakajitoa. Na kwa waliozoea karata za turufu barazani, hapa huna mwenza. Ukikonyeza, unajikonyezea mwenyewe.

Uhuru wa mgawaji ndio utamu wa usiku kama huo, na ndio unaouharibu. Nimeona meza za watu wenye heshima zao zikigeuka bunge kwa sababu mtu alitaja jina la mchezo, akagawa, na katikati ya mgao akakumbuka kanuni moja ambayo, kwa bahati, ilimfaa yeye. Kwa hiyo ninachoshauri ni uhuru wenye mipaka. Nitaeleza mchezo mmoja ambao unafaa kuanza nao, kisha namna ya kumdhibiti mgawaji.

Lakini kwanza fedha, kwa kuwa swali hilo halikwepeki. Poka ilizaliwa katika kamari, New Orleans na kwenye meli za mvuke za mto Mississippi, mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa Mwislamu kamari ni haramu, makanisa mengi nayo hayaitaki, na mwenye nyumba anayejikatia asilimia ya kila kitita ameshafungua kasino isiyo na leseni. Chezeni kete tupu, zisizonunuliwa wala kubadilishwa kwa chochote. Wapo pia wasiopenda karata zenyewe hata bila dau. Mgeni wa namna hiyo usimbembeleze; mpe kiti kizuri na kahawa.

Shida ya kete tupu ni kwamba hazimuumi mtu. Asiyeumia hajitoi, na poka ambayo hakuna anayejitoa inabaki kuwa bahati nasibu ndefu. Dawa yake ni uhaba. Mpe kila mchezaji kete zenye thamani ya 100, na useme mbele ya wote kwamba hakuna nyongeza. Weka na daftari: mwisho wa usiku andika nani kabaki na ngapi, na hesabu iendelee wiki hadi wiki. Utamwona mtu mzima akiyahesabu maharage yake mara mbili kabla ya kulifuata dau.

Nimesema maharage kwa makusudi. Kete za bao ni 64 kwa bao zima, hazifiki popote. Maharage makavu 50 yenye thamani ya moja moja, na vizibo 10 vya soda vyenye thamani ya tano tano, vinampa kila mtu 100 kamili. Kwa watu watano hiyo ni maharage 250 na vizibo 50, na vizibo mwenye duka la jirani atakupa bure na kukushukuru kwa kumfagilia.

Aliyefilisika mapema je? Akae nje akitazama wenzake kwa saa mbili? Hapo namwiga Rais Harry Truman wa Marekani, aliyependa sana poka na marafiki, mara nyingi ndani ya meli ya rais iliyoitwa Williamsburg. Meza yake ilikuwa na bakuli la masikini: sehemu ya kila kitita ilitengwa humo, na aliyeishiwa alichota kidogo akaendelea. Nyumbani kwako, kila kitita kitoe harage moja kwenda kwenye bakuli, na aliyeishiwa achote kumi. Akiishiwa tena anageuka kuwa mgawaji wa wenzake na msimamizi wa birika.

Nunua pakiti mbili zenye migongo ya rangi tofauti, ili moja ikigawiwa nyingine iwe inachanganywa. Za plastiki ni ghali kidogo lakini unazifuta kwa kitambaa. Za karatasi hazivuki usiku mmoja wa bajia na mishikaki. Watu wale kwanza, wanawe, ndipo wakae mezani.

Kuhusu kuchanganya, mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba pakiti ya karata 52, ikigawanywa nusu kwa nusu na nusu hizo zikafumwa pamoja, inahitaji kufumwa mara saba hivi ndipo iwe imechanganyika vya kutosha. Wengi wetu hatufumi. Tunachomoa rundo dogo na kulipachika upande wa pili, tena na tena, namna inayoziacha karata nyingi zikiwa bado na majirani zao wa mgao uliopita. Kama huwezi kufuma, zimwage zote mezani kifudifudi, zikoroge kwa viganja viwili kwa dakika nzima, uzikusanye, kisha aliye kulia kwako akate. Katika mchezo ninaoueleza hapa chini hili si urembo: malkia waliokusanywa pamoja wakiachwa hivyo watatoka pamoja tena.

Mpangilio wa nguvu za karata tano uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, wageni wasione haya kuutazama. Kutoka chini kwenda juu: karata kubwa tupu; jozi; jozi mbili; tatu za namba moja; mfululizo wa namba, kwa mfano tano hadi tisa; tano za aina moja, yaani kopa tupu au shupaza tupu; tatu pamoja na jozi; nne za namba moja; na mfululizo wa aina moja. Ree ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa inaweza pia kuanzisha mfululizo kama moja. Mkiwa na karata vigeugeu, yaani karata zinazoweza kusimama mahali pa karata yoyote, juu ya yote hayo kunaongezeka tano za namba moja.

Mchezaji mpya huvimba kichwa akiona jozi. Ukipewa karata saba za kawaida na kuchagua tano bora, jozi tupu inatokea mara 44 katika kila 100, jozi mbili mara 23 hivi, na kukosa hata jozi ni mara 17 tu. Kwa hiyo katika karata saba jozi moja ni jambo la kawaida kuliko kukosa kabisa, na vigeugeu vikiingia thamani yake inashuka zaidi.

Sasa mchezo wenyewe. Wamarekani wanauita Follow the Queen, nami nitauita Mfuate Malkia. Kila mtu anaweka kiingilio cha kete moja. Mgawaji anampa kila mmoja karata mbili za siri na moja ya wazi, kisha dau la kwanza linaanza kwa mwenye karata kubwa zaidi ya wazi. Inafuata karata ya nne, ya tano na ya sita, zote wazi, na baada ya kila moja kuna dau. Ya saba inatolewa ya siri, dau la mwisho linawekwa, na waliobaki wanafunua. Unachagua tano kati ya saba zako.

Malkia wote wanne ni vigeugeu wakati wote, wawe wa siri au wa wazi. Malkia akitokea wazi, itazamwe karata ya wazi inayogawiwa mara tu baada yake, hata ikimwangukia nani. Namba hiyo yote inakuwa kigeugeu pia, popote ilipo: mezani, au imefichwa mkononi mwa mtu ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anataka kujitoa. Akitokea malkia mwingine wazi, namba ya zamani inarudi kuwa karata ya kawaida pale mfuasi mpya anapogawiwa, na mfuasi huyo anachukua kiti. Malkia wa siri hana mfuasi. Malkia akimfuata malkia mwenzake, mnasubiri inayofuata. Na malkia akiwa karata ya mwisho kabisa ya wazi, hakuna wa kumfuata: kwangu mimi hapo namba ya zamani inakufa na malkia wanabaki vigeugeu peke yao. Wengine huiacha namba ya zamani iendelee. Mnaweza kushika lolote, mradi lisemwe kabla ya kiingilio.

Idadi ya juu kabisa ni watu saba. Saba mara saba ni 49, zinabaki karata tatu. Watano au sita ndio wanaokaa vizuri. Dau liwe la kipimo: kete moja katika duru mbili za kwanza, mbili katika duru tatu za mwisho, na kupandisha kusizidi mara tatu kwa duru. Kwa kipimo hicho, anayefika mwisho bila mtu yeyote kupandisha atakuwa ametoa kete tisa pamoja na kiingilio. Mwenye 100 anaweza kukosea mara kadhaa na bado akawepo mezani, na hilo ndilo tunalolitaka.

Tugawe mgao mmoja tuone. Mjomba anagawa, kushoto kwake yuko shemeji, kisha jirani, kisha binamu, kisha wewe. Za siri umepata saba ya kopa na mbili ya shupaza. Za wazi za kwanza: shemeji tisa ya kopa, jirani mfalme wa shupaza, binamu nne ya uru, wewe saba ya pau, mjomba tisa ya uru. Jirani ana mfalme, anaanza dau la kete moja. Una jozi ya saba, nusu yake imefichwa. Unalifuata.

Karata ya nne. Shemeji anapata ghulamu wa shupaza. Jirani anapata malkia wa kopa, na meza nzima inanyamaza kusubiri. Binamu, aliye nyuma yake, anafunguliwa saba ya uru. Saba zote ni vigeugeu! Wewe unaongezewa mbili ya kopa, mjomba tano ya pau. Hesabu ulichonacho: mbili mbili, na saba mbili zinazokuwa chochote unachotaka. Hizo ni mbili nne, na wenzako wanaona saba moja tu. Wengi hapa hupandisha dau mpaka mwisho wa kamba, na si vibaya.

Karata ya tano haina malkia: shemeji tatu ya pau, jirani sita ya uru, binamu kumi ya shupaza, wewe ree ya uru, mjomba nane ya pau. Dau sasa ni kete mbili, nawe unapandisha. Kisha inakuja ya sita. Shemeji, wa kwanza kabisa, anafunguliwa malkia wa pau. Anayemfuata ni jirani, na karata yake ni sita ya shupaza.

Saba zako zimekufa. Sasa sita ndizo vigeugeu, na jirani ana mbili wazi, pamoja na malkia wake, pamoja na mfalme. Wafalme wanne wako mezani wanakutazama, kabla hujaona alichoficha. Wewe, uliyekuwa na nne za namba moja, umebaki na jozi mbili: saba na mbili. Tisa ya shupaza unayopewa haisaidii kitu. Jirani anasukuma kete mbili katikati.

Jitoe. Hapo ndipo wachezaji wapya wanapopoteza kete zao zote. Hawapotezi kwa ile hatua ya kwanza ya kupandisha, ambayo ilikuwa sahihi. Wanapoteza kwa kuendelea kulipia karata waliyokuwa nayo dakika mbili zilizopita.

Kipimo cha hatari kinahesabika. Baada ya karata ya tano, watu wote watano wakiwa bado ndani, umeona karata 17: zako tano, na za wazi 12 za wenzako. Hujaziona 35, na ndani yake wamo malkia watatu. Zitafunguliwa tano zaidi. Uwezekano wa angalau malkia mmoja kuwemo kati ya hizo tano ni 38 kwa mia. Ungekuwa umemficha malkia mmoja mkononi, ungeshuka hadi 27 kwa mia. Ungekuwa umewaficha wawili, 14 tu. Kwa hiyo malkia wa siri anakufaa mara mbili: yeye mwenyewe ni kigeugeu kisichoweza kunyang'anywa, na anapunguza idadi ya wale wanaoweza kuigeuza meza. Mwenye malkia wawili wa siri tangu mwanzo apandishe bila aibu. Mwenye namba iliyogeuka kigeugeu kwa bahati ya mezani ajue kwamba amekopeshwa.

Usijidanganye pia kwamba huenda malkia asitokee kabisa. Watu watano wakibaki mpaka mwisho, karata 20 zitafunguliwa, na uwezekano wa wote wanne kujificha ni 13 tu kwa mia. Mchezo huu umetengenezwa ili mambo yageuke. Ndiyo maana nikiwa na tatu za namba moja na malkia ameshatokea, huwa nawaza kutoka; mfululizo nao siuamini. Tatu pamoja na jozi ndiyo ninayoanza kuiheshimu.

Mtu mmoja mezani, na kila meza inaye, atauliza kama ni haki nguvu za karata zibaki vilevile vigeugeu vinapoingia. Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani. Katika poka ya kawaida mpangilio unafuata uhaba: kilicho adimu ndicho kikubwa. Vigeugeu vinauvuruga. Mwenye jozi na kigeugeu kimoja hatatengeneza jozi mbili hata siku moja; atatengeneza tatu za namba moja, kwa kuwa ndizo kubwa. Hivyo tatu zinakuwa nyingi kuliko jozi mbili. Basi tuzigeuze, jozi mbili ziwe juu? Mkifanya hivyo, mtu yuleyule mwenye jozi na kigeugeu atatangaza jozi mbili, na sasa hizo ndizo zitakazojaa mezani. Mwaka 1996 John Emert na Dale Umbach walilichambua jambo hili kwa hesabu katika jarida la Chance na kuonyesha kwamba vigeugeu vikiingia huwezi kupata mpangilio unaolingana na uhaba. Mwambie basi muulizaji kwamba amewaza kama mwanahisabati, kisha mwendelee na mpangilio wa zamani.

Sasa mgawaji. Kosa kubwa la meza nyingi ni kumpa haki ya kuchagua mgao mmoja mmoja. Katika michezo ya karata za pamoja, kama ule wa Texas, anayesema mwisho ana faida kubwa: ameona wenzake wote walivyofanya. Na anayesema mwisho ni mgawaji. Mjanja atachagua mchezo huo kila zamu yake ikifika, na mwaka mzima atakaa kwenye kiti cha faida. Basi mgawaji achague kwa mzunguko mzima: mchezo aliouchagua uchezwe mpaka kila mtu ameugawa mara moja, ndipo haki ihamie kwa anayefuata. Faida inamfikia kila mmoja, na kila mmoja anapata muda wa kuuzoea mchezo kabla haujaondolewa.

La pili ni tangazo. Kabla ya kiingilio mgawaji aseme kwa sauti: jina, idadi ya karata, vigeugeu, kama kitita ni cha karata za juu pekee au kinagawanywa na za chini, na kipimo cha dau. Kwa mchezo wetu inatosha: "Mfuate Malkia, saba, juu pekee, malkia wote vigeugeu, malkia wa mwisho hana mfuasi, moja kwa mbili." Neno lisilosemwa kabla ya kiingilio halipo. Ukilisahau, subiri mgao ujao, hata kama wewe ndiye mwenye nyumba, na hata kama ni mkwe wako anayekuuliza.

La tatu, karata zijisemee. Mtu akifunua na kutamka kwamba ana tatu za namba moja, kumbe kwa kigeugeu chake zinapatikana nne, ana nne. Yeyote aliyekaa mezani anaruhusiwa kuziona na kusema. Bila kanuni hii, mwenye macho mepesi atawala wazee wote wa meza, na mchezo wa kirafiki hauko kwa ajili hiyo. Kumsaidia mtu kabla hajafunua ni kosa, ila baada ya kufunua ni wajibu.

Na orodha iwe fupi, michezo mitano au sita, isiyozidi miwili yenye vigeugeu. Anayetaka kuleta mpya aombe ridhaa ya wote na agawe mara moja karata zote zikiwa wazi, bila dau, watu waone unavyokwenda. Pamoja na Mfuate Malkia ningeweka ule wa Chicago, ambao ni karata saba zilezile bila vigeugeu, isipokuwa nusu ya kitita inakwenda kwa mwenye shupaza kubwa zaidi ya siri. Ukificha ree ya shupaza tayari una nusu, kaa kimya upandishe. Anaconda nao unachekesha: kila mtu anapewa saba za siri, anampitishia wa kushoto tatu, halafu mbili, halafu moja, dau likiwekwa kati ya hatua hizo, kisha anabakisha tano na kuzifunua moja moja. Utajifunza tabia za jirani yako kwa takataka anazokupitishia. Omaha ni wa watu makini zaidi. Una karata nne mkononi na tano za pamoja mezani, na unalazimika kutumia mbili kamili za mkononi na tatu za mezani. Mgeni daima hushangilia kopa nne za mezani na moja yake; mfundishe mapema kwamba hana kitu.

Kuna mmoja ambao, ningekuwa na mamlaka, ungekoma kuchezwa katika nyumba za watu wanaopendana. Wamarekani wanauita Guts. Mnapewa karata mbili au tatu, wote mnatangaza kwa pamoja kama mmo au mmetoka, mwenye karata bora anachukua kitita, na kila aliyeshindwa anakilipa chote tena. Wakiingia watatu kila mara, kitita cha tano kinakuwa 10, kisha 20, kisha 40, kisha 80. Katika migao michache mtu ameondoka na kete zote, uso umekunjamana, na hakuna alichojifunza zaidi ya kujuta. Hata kwa maharage, usiuruhusu.

Tangazeni mzunguko wa mwisho mapema, na aliyeanza kugawa ndiye auchague. Usikubali ombi la "mmoja tu wa kufidia". Daftari lipo, wiki ijayo ipo.

Na wakija wanane, Mfuate Malkia uweke kando, kwa kuwa wanane wanahitaji karata 56 na pakiti ina 52. Wagawie Omaha: 32 za mikononi na tano za mezani ni 37, zinabaki 15, na hakuna atakayekaa nje.